Naomba ushauri: nataka kujifunza Kimanx kupitia majina ya sehemu, nianzie wapi?

Dada_wa_Douglas

Wakuu habari za jioni. Mimi niko Isle of Man, kile kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, kule wanakokimbiza pikipiki za TT. Nilikuja kwa kazi ya kuhudumia wazee na nakaa mjini Douglas. Kazini Kiingereza kinanitosha kabisa, ila nimevutiwa na lugha yao ya asili, Kimanx, wenyewe wanaiita Gaelg, maana vibao vya kuingilia miji vina majina mawili mawili, mabasi yameandikwa Bus Vannin ubavuni, halafu kuna mzee mmoja kila asubuhi nikiingia ananiambia "moghrey mie" na mimi namrudishia hivyo hivyo kama kasuku.

Shida yangu madarasa ya jioni yanagongana na shifti, na nikikaa na orodha ya maneno nasinzia ukurasa wa kwanza. Ila siku za ofu napenda sana kupanda basi nikashuke shamba huko, nitembee mabondeni na kando ya bahari, na kila kona nakutana na Balla, mara Ballasalla, mara Ballaugh, mara Ballabeg, mpaka najiuliza hii Balla ni nini jamani. Ndo nikawaza, si bora safari yenyewe iwe darasa? Nianze na maneno gani na niende wapi? Na matamshi, kwa sababu kinachoandikwa na kinachosemwa naona haviendani hata kidogo. Karibuni wajuvi.

Bwana_Shilingi

Dada yangu usijichoshe. Kisiwa kizima watu 84,000 hivi na wote wanaongea Kiingereza, mzungumzaji wa mwisho alishafariki 1974. Soma Kijerumani utapata kazi, hiyo nyingine ni kumbukumbu tu.

Mzee_wa_Gari_Moshi

@Bwana_Shilingi hujakosea ila umeishia njiani. Aliyefariki Desemba 1974 ni Ned Maddrell, na huyo alikuwa wa mwisho katika wale waliolelewa na lugha enzi hizo za zamani kule upande wa Cregneash. Lakini 1948 tume ya Ireland ya mambo ya simulizi ilishapeleka mashine ya kurekodi ikawanasa yeye na wazee wenzake, na vijana walikuwa wanamfuata nyumbani kujifunza, kwa hiyo uzi haukukatika. Sensa ya 2011 watu 1,823 walisema wanajua Kimanx kwa kiasi fulani, na pale St John's kuna shule ya msingi, Bunscoill Ghaelgagh, watoto wanafundishwa kila kitu kwa lugha hiyo. UNESCO 2009 waliiandika kwamba imekufa, watoto wa shule hiyo wakawaandikia barua kwa Kimanx kuwauliza sasa hii barua tumeiandika kwa lugha gani, na maelezo yakabadilishwa. Kwa hiyo mwache dada asome.

Sasa dada, wazo lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu kule ramani ndiyo kamusi ambayo haijawahi kufungwa, hata miaka ambayo watu walikuwa wanaona aibu kuongea lugha yao majina ya mashamba na vilima waliendelea kuyatamka kila siku.

Anza hapo hapo ulipo. Pembeni ya Douglas kuna mito miwili inakutana, mmoja unaitwa Dhoo na mwingine Glass. Doo ni -eusi (soma "du"), glass ni rangi ya kijani ya majani, wakati mwingine inaingia mpaka kwenye kijivu. Watu wengi watakwambia Douglas ni hiyo mito miwili ukiijumlisha, wataalamu wa majina wanasema asili yake ni "kijito cheusi" cha Kigaeli cha zamani, lugha iliyozaa Kimanx. Mimi nakwambia nenda kasimame pale kwenye makutano uyaangalie hayo maji, rangi mbili za kwanza umeshazipata bila daftari. Kwa Kimanx mji wenyewe wanauita Doolish.

Halafu panda gari moshi la kwenda kusini, Douglas mpaka Port Erin. Hiyo reli ya njia nyembamba ipo tangu 1874. Keti dirishani usome majina ya stesheni. Balla ni balley, maana yake shamba la mtu au kijiji, basi, ndo hilo swali lako. Ballabeg ni balley pamoja na beg, yaani kadogo. Ballasalla wanaihusisha na miti ya mierebi. Ballaugh iko kaskazini, ni kwenye ziwa, balley ny loghey, ziwa lenyewe siku hizi limebaki kinamasi, wanaita curragh, na kwenye hicho kinamasi kuna wallaby wanaishi porini, wale wanyama wa Australia, walitoroka kwenye hifadhi ya hapo jirani. Sikutanii, nenda jioni utawaona.

Siku nyingine panda basi la kwenda Kirk Michael, upande wa magharibi. Hapo ndo darasa langu ninalolipenda kuliko yote. Shuka Glen Mooar: glion ni bonde jembamba lenye mto, mooar ni -kubwa. Fuata njia ya msituni utafika kwenye maporomoko yanaitwa Spooyt Vane, bomba jeupe la maji, neno jeupe ni bane. Juu yake kidogo kuna mabaki ya kanisa dogo la kale, Cabbal Pherick, kanisa la Patrick. Ukirudi kijijini kuna Glen Wyllin, bonde la kinu cha kusagia, kinu ni mwyllin. Hapo kwa kutembea tu umepata bonde, kubwa, nyeupe, maporomoko, kanisa na kinu, na kila neno umeliona kwa macho.

Dada_wa_Douglas

Mzee asante sana, yaani nimesoma mara mbili. Ila nauliza, umesema nyeupe ni bane halafu maporomoko ni Vane. Na Patrick kawa Pherick, mwyllin kawa Wyllin. Wanakosea kuandika au?

Mwalimu_Tanga

Hawakosei. Kimanx kinabadilisha herufi ya mbele ya neno kutokana na kilichotangulia, b inakuwa v, m inakuwa v au w, p inakuwa ph. Inategemea neno la mbele yake ni la kike au la kiume, au kama kuna kile kineno "y" au "ny" katikati, au ni jina la mwenye kitu. Wazungu wengi hapo ndo wanakata tamaa kwa sababu wamezoea maneno yabadilike mwishoni, kamusi wanafungua kwenye V hawaoni kitu. Wewe umekua unasema mtu watu, kubwa mkubwa vikubwa, hujawahi kuogopa mwanzo wa neno kubadilika. Sheria zenyewe ni tofauti na ngeli zetu kabisa, usizilazimishe zifanane, lakini akili yako tayari imezoea kutafuta shina.

Mfano ushike huu: "moghrey mie" asubuhi njema, "fastyr mie" ni kuanzia mchana, lakini usiku mwema ni "oie vie". Ni mie ile ile. Soma "mora mai", "fasta mai", "i vai". Na mzee wako siku akikusaidia kitu mwambie "gura mie eu", hiyo eu ni ya heshima au ya watu wengi, kwa rika lako sema "gura mie ayd". Kwa mtu mzima anza na eu, atafurahi.

Kuhusu maandishi kutofanana na sauti, hiyo tahajia ilitengenezwa na makasisi waliosomea Kiingereza, wakaandika walivyosikia kwa masikio ya Kiingereza cha wakati huo. Ndo maana ndugu zao wa Ireland na Scotland wakiona Kimanx kwenye karatasi hawakielewi ila wakikisikia wanashika mengi. Dawa yake uandike matamshi kwa Kiswahili pembeni, Kiswahili ni kizuri sana kwa kazi hiyo: slieau (mlima) andika "slyu", thie (nyumba) "tai", traie (ufukwe) "trai", awin (mto) "aun", keeill (kanisa dogo la kale) "kil".

Nahodha_Liverpool

Niongezee hapo kabla dada hajapotea. SI KILA JINA NI KIMANX. Waviking walikaa hicho kisiwa karne kadhaa wakaacha majina yao kila mahali, hasa milimani na pwani, usije ukaanza kutafuta Snaefell kwenye kamusi ya Kimanx, ni mlima wa theluji kwa lugha ya kwao, Kinorse. Ndio mrefu kuliko yote, mita 621, unapandishwa na treni ya umeme kutoka Laxey tangu 1895. Na Laxey yenyewe ni mto wa samaki salmoni, Kinorse hicho hicho, Wamanx wakaigeuza tu Laksaa. Ukiona mwisho -by kama Colby, hilo ni shamba la Mnorse. Mpaka bunge lao Tynwald, jina ni la Kinorse, uwanja wa baraza, na bado kila Julai 5 sheria zinasomwa hadharani kwenye kile kilima cha St John's.

Mimi nilivyokuwa nafanya, nilichukua ramani ya karatasi nikapaka kalamu rangi mbili, moja ya Kigaeli moja ya Kinorse, ukimaliza unaona historia bila mtu kukusimulia: Balla na Cronk (kilima) na Slieau mashambani na mabondeni, Kinorse kwenye bandari na vilele ambavyo baharia anaviona akiwa mbali. Halafu kuna yaliyochanganyika, hayo usihangaike nayo mwanzoni.

Kwa mtembezi kuna Raad ny Foillan, njia ya shakwe, inazunguka kisiwa chote kando ya bahari, kama kilomita 160. Usiifanye yote, chukua vipande. Kipande cha Niarbyl ni kizuri, jina lenyewe ni "mkia", kwa sababu kuna mwamba unaingia baharini kama unavyosikia, na ile N ya mbele ni ya kineno "yn" kimegandia kwenye jina. Nyingine ni Bayr ny Skeddan, njia ya samaki aina ya herring, kutoka Castletown mpaka Peel, wavuvi na wachuuzi walikuwa wanapita hapo. Raad na bayr zote ni njia, ny unaiona tena hapo katikati. Na rasi wanaiita gob, yaani mdomo wa ndege, au kione, kichwa. Sisi wa pwani "ras" yetu ya Kiarabu nayo si ni kichwa.

Otis_wa_Kisumu

Wasee mimi sijawai fika huko lakini TT naicheki kila mwaka kwa YouTube na sasa ndio nimeelewa hizo majina hahaha. Cronk-y-Voddy nilikuwa nadhani ni jina la mtu. Na Creg-ny-Baa?

Mzee_wa_Gari_Moshi

@Otis_wa_Kisumu cronk ni kilima, moddey ni mbwa, ikishapita "y" inakuwa voddey, kwa hiyo kilima cha mbwa. Creg ni jabali, baa ni ya ng'ombe, jabali la ng'ombe, sasa hivi ni baa kweli kweli ya kunywea pombe pale kwenye kona haha. Duara lote la TT ni kilomita 60 na ushee, ukikariri majina ya kona una msamiati wa mwezi mzima. Dada, wiki za TT barabara hizo zinafungwa kwa saa nyingi, angalia ratiba kabla hujatoka usije ukakwama upande wa pili.

Mwalimu_Tanga

Kuhesabu nako kuna mtego wa kuchekesha kwa Mswahili. Moja ni NANE. Nane, jees, tree, kiare, queig, shey, shiaght, hoght, nuy, jeih. Nane yetu kwao ni hoght. Na mashariki ni shiar, magharibi ni sheear, usimwelekeze mtu kwa Kimanx mpaka hizo mbili ziwe zimetofautiana vizuri mdomoni. Kaskazini twoaie, kusini jiass.

Bi_Mwanahawa

Mie nimepita tu lakini nataka kuuliza, nimesikia kuna daraja huko la vibwengo, watu wazima wanalisalimia, ni kweli?

Dada_wa_Douglas

@Bi_Mwanahawa kweli kabisa, liko njia ya Douglas kwenda Castletown, basi linapita hapo na watu wanapunga mkono na kusalimia kimya kimya, wengine kwa Kimanx. Jina la kawaida la hao vibwengo hawapendi kulitaja, watu wa huku wanasema "wenyewe", au mooinjer veggey, watu wadogo. Kumbe hiyo veggey ni ile ile beg ya Ballabeg, ndo naiona sasa hivi!

Wakuu nawashukuru wote, hata Bwana_Shilingi. Jumamosi niko ofu, nataka Kirk Michael kwanza. Swali la mwisho: ule mwelekeo wa gari moshi nao nauweza majira haya?

Mzee_wa_Gari_Moshi

Gari moshi na treni za umeme huwa zinapumzika majira ya baridi, zinarudi karibu na masika, angalia ratiba. Basi lipo mwaka mzima. Na kabla ya Jumamosi fungua masomo ya bure ya Culture Vannin, shirika la utamaduni la hapo kisiwani, mtandaoni, sikiliza vipande vifupi vya sauti ukiwa unapika, hasa glion, mooar na spooyt, ili ukifika pale masikio yako yawe yameshayajua. Vaa buti, hiyo njia ya Spooyt Vane mvua ikinyesha inateleza. Mvua ni fliaghey, hilo neno nalo utalihitaji.