Nyumba ya mfanyabiashara isiyo na duka: hapa Jinja tunalipishwa kuona nini?

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kuchunga ulimi.

Kuna nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi hapa Jinja, ya enzi za ukoloni, inayotangazwa kuwa imehifadhiwa kama ilivyokuwa. Tulilipa kiingilio mimi na wanangu, na mwongoza wageni akatuonyesha kitanda, kabati la vyombo na picha za harusi. Nilipomwuliza duka liko wapi, alijibu kwamba duka halimo katika ziara.

Halimo kwa vipi? Nyumba hizi zilijengwa duka likiwa mbele, baraza likitazama barabara, na familia ikiishi nyuma au ghorofani. Duka ndilo lililoilisha nyumba. Nilichungulia dirishani nikaona kaunta ya mbao ingalipo, na ukingoni mwake umepigiliwa ule ukanda wa shaba wa kupimia kitambaa kwa yadi, lakini juu yake vimerundikwa viti vya plastiki vya kukodisha, na mguu wa kimoja umeshaikwaruza mbao hadi ndani.

Alidina Visram, aliyefika pwani akiwa kijana kutoka Kutch, India, na kufariki mwaka 1916, alieneza maduka kutoka pwani hadi Uganda, na reli ya Jinja hadi Namasagali ilipofunguliwa mwaka 1912, pamba ya Busoga, eneo letu hili la Jinja, ilipata njia. Wala simtakasi mfanyabiashara: katika ghasia za Buganda za mwaka 1949, mojawapo ya madai ya wakulima lilikuwa kuruhusiwa kuchambua pamba yao wenyewe badala ya kuwaachia Waasia. Habari hizo zote zinasimuliwa penye kaunta, si penye kitanda.

Nikauliza wenye nyumba walikwenda wapi. “Walisafiri,” akasema. Walisafiri! Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini, na mwanangu, ambaye bado yuko shule ya msingi, alinitazama kwa mshangao kwa sababu habari hiyo anaijua.

Kuta za chokaa zilizopigwa plasta ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea na rangi ikabambuka, naziacha kwa leo. Ninachodai ni viti viondolewe na duka lifunguliwe, la sivyo kiingilio kipunguzwe. Kama yupo aliyewahi kufunguliwa mlango ule, tafadhali anieleze alimwomba nani.