Vakyumu ya mota 2 inaishiwa nguvu kwenye vumbi la zege, tatizo mota au filta?

fundi_sakafu: Wakuu habari za kazi. Tunasaga sakafu ya zege na vumbi tunalifyonza kwa vakyumu ya kiwandani ya mota 2. Ikiwashwa inavuta vizuri mno, nusu saa haiishi inaanza kulia sauti nyembamba kama mluzi na vumbi linabaki chini. Ajabu nikiziba mdomo wa mpira kwa kiganja inakamata mkono kwelikweli, sasa nguvu inaenda wapi? Bosi anataka tununue ya mota 3.

mzee_wa_karakana: Msinunue kwanza mkuu. Ukiziba mdomo unapima mvuto tu, hewa haitembei, na mvuto huo utaukuta hata filta ikiwa imejaa. Vumbi linabebwa na hewa inayopita kwenye mpira, filta ikiziba hewa inapungua, feni inakosa mzigo inazunguka kasi zaidi, ndo huo mluzi. Chomoa mpira kwenye pipa ikiwa inawaka: hapo ikivuta vizuri basi mpira ndo umeziba, ikiwa bado dhaifu fungua filta. Ila usije ukaiwasha bila filta, vumbi la zege litaila mota.

fundi_sakafu: Nimechomoa, dhaifu vilevile. Nimefungua filta, kwenye mikunjo kuna ganda gumu, nimekwaruza kwa ukucha halitoki. Jana kijana aliiosha akairudisha ikiwa na unyevu.

saikloni: Basi ndo hapo, vumbi la zege na maji vikikutana vinagandia kwenye filta, hiyo weka mpya tu. Kuanzia sasa iwe inakung'utwa kila baada ya muda, na ikioshwa ikauke kabisa. Halafu wekeni saikloni (chombo kinachozungusha hewa ili vumbi litengane nayo) kabla ya vakyumu, vumbi jingi linaangukia kwenye ndoo na filta inabaki na lile laini tu, mimi naona hiyo inasaidia kuliko mota ya tatu. Na mpira usiwe mrefu na mwembamba bila sababu, nao unakaba hewa.

dada_usalama: Naomba sana msibadilishe mkaweka filta ya matundu makubwa ili ivute. Vumbi la zege lina silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), chembe ndogo kabisa hazionekani kwa macho na ndizo zinazofika ndani ya mapafu, zikitoka nyuma ya mashine mnazivuta nyie. HEPA (filta ya kunasa chembe ndogo sana) ya daraja la H13 inazuia angalau 99.95% hata ya zile chembe ngumu zaidi kunaswa. Mkitaka hewa zaidi tafuteni filta yenye eneo kubwa, mikunjo mingi, siyo matundu makubwa.