Malindi: vifaranga wanakamilika halafu wanafia ndani ya ganda

KukuMaweni
Habari zenu. Mashine yangu ya kutotolesha vifaranga ni ya mayai 56, ina feni na inageuza yenyewe. Joto ni 37.6. Mifereji ya maji inajazwa tangu siku ya kwanza, kama kijitabu kinavyoagiza, na kipima unyevu kinasoma 68 hadi 72. Siku ya 7 nikimulika yai kwa tochi, mishipa iko safi. Siku ya 18 yai limejaa giza. Ikifika 21 wanatoka wachache tu. Nikipasua yaliyobaki namkuta kifaranga kamili, manyoya yote, tumbo limevimba laini, ute unanata, na kiini hakijaingia chote. Shida ni joto au majogoo?

FundiGede
Majogoo hawana kosa, yai lisilo na mbegu lisingekuwa na mishipa. Joto nalo liache hapo hapo. Shida ni maji.

Hicho kijitabu hakikuandikiwa pwani. Hewa yetu ya nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 ikiingia kwenye mashine na kupashwa hadi 37.5, unyevu unashuka wenyewe hadi kama 47, bila tone la maji. Na siku 18 za mwanzo unataka 45 hadi 50! Ukijaza mifereji, yai halikauki inavyopasa na chumba cha hewa, ile nafasi tupu upande butu wa yai, kinabaki kidogo. Kifaranga akishatoboa ngozi ya ndani ya yai anakosa hewa, anazama kwenye majimaji yake.

Tumia mzani wa jikoni. Yai lipoteze kama asilimia 12 au 13 ya uzito ifikapo siku ya 18. Pima mayai 10 pamoja: yakianza na gramu 480, siku ya 7 yawe karibu 457, siku ya 18 karibu 420. Siku ya 7 yakiwa bado 468, toa maji yote na ufungue matundu ya hewa zaidi. Yakiwa 445, ongeza maji kidogo.

Hicho kipima unyevu pia usikiamini bure. Loweza chumvi ya mezani kidogo iwe uji mzito, iweke kwenye kifuniko cha chupa, funga pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa usiku kucha. Kisome 75. Kikisoma 69, jua kinapunguza 6.

Siku ya 18 simamisha kugeuza, ndipo ujaze maji yafike 65 hadi 70, na matundu yote yawe wazi.

BintiLangoni
Nakubaliana na Fundi, ila kwa mayai ya kununua ongeza hili. Mbegu huanza kuamka joto likipita nyuzi 20 hivi, na nyumba zetu hazishuki hapo hata usiku. Yai lililokaa wiki nzima kwenye rafu ya jikoni limeshachoka kabla ya kuingia mashineni. Dalili yake ni duara jekundu la damu siku ya 7, badala ya mishipa iliyotawanyika. Usiyaweke zaidi ya siku 4. Huku Lamu chumba cha chini cha nyumba ya mawe ndicho kinachofaa, ncha kali ya yai ikitazama chini. Yakija kwa boti au bodaboda, yapumzike nusu siku kwanza.

KukuMaweni
Shukrani. Stima ikipotea je? Na waliodonoa wakakwama, niwasaidie?

FundiGede
Stima: usifungue, funika kwa blanketi. Saa mbili tatu katika chumba cha nyuzi 29 haziui, huchelewesha tu, kwa hiyo subiri hadi siku ya 22 au 23. Ikirudi usipandishe joto kufidia. Nyuzi 40 zinaua haraka kuliko 33.

Waliodonoa waache. Kutoka tundu la kwanza hadi kutoka nje, saa 24 ni kawaida. Kila ukiinua kifuniko unyevu unatoroka, ngozi ya yai inamkaukia mwilini, na hapo ndipo anakwama kweli.

BintiLangoni
Na hao waliokwisha kutoka wasikufanye uinue kifuniko. Kiini kilichoingia tumboni mwao kinawatosha siku nzima bila chakula wala maji.