Filamu za Krismasi: tukio gani linakuchekesha au kukukaba koo, na limetengenezwaje?

MezaYaUhariri

Wakuu, heshima kwenu. Naomba huu usiwe uzi wa "taja filamu kumi bora", hizo zimejaa kila kona. Ninachotaka ni tukio mojamoja: lile linalovunja mbavu, au lile linalomfanya mtu mzima ajifanye anatafuta kitu chini ya kiti ili asionekane macho. Ukilitaja, eleza linavyofanya kazi. Limewekwa wapi ndani ya filamu? Kamera iko wapi? Muziki unaingia lini, unanyamaza lini? Kuna ujanja gani wa kiufundi nyuma yake?

Nauliza kwa sababu filamu nyingi za Krismasi huchemka palepale. Vichekesho vinaenda vizuri saa nzima, halafu ghafla fidla zinaanza kulia, theluji inaanguka, steringi anatoa hotuba kuhusu familia, na mtazamaji anabaki mkavu. Zipo chache zinazovuka hapo salama kila mwaka, hata kwa mtu anayezijua neno kwa neno. Zinafanya nini ambacho wenzao hawafanyi?

PembeYaPili

Mkuu, anza na Home Alone ya 1990. Kila mtu anakumbuka mitego ya kuwanasa wezi, lakini tazama kilichowekwa kabla yake. Usiku wa mkesha Kevin, mtoto aliyesahauliwa nyumbani peke yake, anaingia kanisani, kwaya ya watoto inaimba, na jirani yake mzee Marley, aliyekuwa akimtisha tangu mwanzo, anakuja kukaa karibu naye. Wanaongea kwa sauti ya chini kama watu wazima wawili. Mzee amekosana na mwanawe, hawasemezani. Mtoto anamshauri apige simu. Utani uliopo unatoka ndani ya mazungumzo yenyewe, pale Kevin anaposimulia alivyokuwa akiogopa chumba cha chini ya nyumba. Kisha kengele inalia, mtoto anatimua mbio, na kuanzia hapo ni vurugu tupu.

Kwa hiyo anapoingia vitani tumeshamjali. Na koleo la theluji ambalo mwanzoni lilikuwa chanzo cha uvumi kwamba Marley ni muuaji ndilo hilohilo linalomwokoa Kevin mwishoni. Halikudondoka kutoka mbinguni, tulioneshwa mapema.

Sasa mitego yenyewe. Inachekesha kwa sababu kila maumivu yanazaa yanayofuata. Marv, mmoja wa wezi wawili, anakanyaga lami kwenye ngazi za chini, viatu na soksi vinabaki humo. Akiwa peku anakanyaga msumari. Anaamua kupitia dirishani, na chini ya dirisha kuna mapambo ya kioo ya mti wa Krismasi ambayo sisi tumeshaona yakitandazwa. Tunajua jambo ambalo yeye halijui, na tunasubiri. Ukiondoa lami, mapambo yanakuwa ajali ya kawaida tu. (Daniel Stern, anayeigiza Marv, alivalishwa nyayo za mpira kwa ajili ya tukio hilo. Buibui aliyewekwa usoni mwake, hata hivyo, alikuwa tarantula halisi.)

Halafu angalia filamu inavyofunga. Kevin yuko dirishani, ng'ambo ya barabara Marley anamkumbatia mjukuu wake, anamwona mtoto, anapunga mkono. Hatusikii neno hata moja. Sekunde chache baadaye kaka yake Buzz anapiga kelele kuhusu chumba chake kilichovurugwa, Kevin anakimbia, imekwisha. Machozi hayakupewa nafasi ya kuchacha.

Fundi_wa_Taa

Mimi naleta It's a Wonderful Life ya Frank Capra, 1946, maana pale ufundi na hisia vimeshikana kabisa.

Zamani theluji ya studio ilikuwa mara nyingi kornfleksi zilizopakwa rangi nyeupe. Machoni zinapendeza, ila ukizikanyaga zinavunjika kwa kelele, na mazungumzo yakawa lazima yarekodiwe upya baadaye studioni. Mwigizaji anayelia kwenye theluji analazimika kulia mara ya pili mbele ya maikrofoni, na hiyo ya pili aghalabu hufa. Mafundi wa studio ya RKO wakachanganya povu la mitungi ya kuzimia moto na maji na sabuni, wakalirusha kwa mashine za upepo. Theluji ikaanguka kimyakimya, ikashika kwenye nguo na nywele, na sauti ikachukuliwa papo hapo. Baadaye kazi hiyo ilitambuliwa na Academy, wale wa Oscar, kwa tuzo ya ufundi. Ukizingatia kwamba filamu ilipigwa California katika miezi ya joto, James Stewart akiwa ndani ya koti zito, heshima inaongezeka.

Tukio la kulia: George, anayeigizwa na Stewart, yuko baa, ameishiwa kila njia, anaomba kwa sauti ya chini. Stewart alilia kwelikweli, haikuwa imepangwa. Capra aliitaka sura ile kwa karibu zaidi, ila hilo si jambo la kumwomba mtu alirudie. Akaipeleka picha maabara ikakuzwa fremu kwa fremu, kamera ikaonekana kama inamsogelea. Gharama ya ujanja huo ni kwamba picha iliyokuzwa hupoteza ukali na chembe zake hujitokeza. Alikubali, na mtazamaji gani analalamika?

La kucheka ni dogo, wengi hulipita. Mjomba Billy (Thomas Mitchell) amelewa, anaondoka kwenye sherehe, anatoka nje ya fremu, tunasikia kishindo cha vyombo, halafu sauti yake ikisema hana neno, yuko salama. Kishindo kilikuwa bahati mbaya, mfanyakazi aliangusha vifaa. Mitchell akadaka palepale bila kutoka kwenye uhusika, Stewart akacheka, na Capra akaacha hivyo hivyo. Kinachochekesha ni kwamba hatuoni kitu. Kama kamera ingemfuata Billy akianguka, kicheko kingepungua nusu.

KikaragosiMwekundu

Hamjaitaja The Muppet Christmas Carol ya 1992? Michael Caine anaigiza Scrooge, mzee bahili, amezungukwa na vikaragosi, na hakuna hata dakika moja anayowakonyeza watazamaji. Anacheza kama vile wenzake ni waigizaji wa jukwaa la Shakespeare. Hiyo ndiyo siri nzima. Angejichekesha yeye mwenyewe, kiti kitupu cha mtoto mgonjwa Tiny Tim karibu na moto kisingemliza mtu.

Kwa anayependa ufundi: waendesha vikaragosi wako chini ya usawa wa kamera, kwa hiyo sakafu ya seti ilitengenezwa ya kuondoleka, na Caine alitembea kwenye mbao nyembamba zilizobaki. Mtazame anavyokatiza mitaa kwa uhakika, utafikiri ardhi ni ngumu.

Jambo jingine la kujifunza ni pale roho wa Krismasi ijayo anapoingia. Gonzo na Rizzo, ambao kazi yao ni kusimulia na kutania, wanaaga kabisa: tutaonana mwishoni. Filamu inawatoa wachekeshaji mlangoni kabla ya makaburi. Ndiyo maana giza lile linatisha kweli, na wanaporudi tunapumua.

Tahadhari kwa wanaotafuta nakala. Wimbo wa Belle, mchumba wa zamani, wakati anaachana na Scrooge, "When Love Is Gone", ulikatwa kwenye toleo la sinema. Ukiutoa, Rizzo anaonekana akilia kwa kwikwi bila sababu ya kutosha, na wimbo wa mwisho, ambao ni jibu la huo, unabaki hauna swali. Toleo lenye wimbo liliwekwa Disney+ mwaka 2022; kama filamu unayoiona haina, pekua sehemu ya nyongeza.

Jioni_Njema

Na Elf ya 2003 je? Vile vibwengo vidogo mbele ya Will Ferrell si vilipunguzwa kwa kompyuta tu? Sioni cha kusifia hapo.

Fundi_wa_Taa

Hapana mkuu, sehemu kubwa ni hila ya umbali. Seti mbili zinajengwa kwa vipimo tofauti. Ferrell anakaa kwenye ndogo, karibu na kamera. Vibwengo wako kwenye kubwa, mbali zaidi. Kingo za seti zinaungana mbele ya lenzi, jicho linaziona kama chumba kimoja. Ugumu uko hapa: waigizaji hawawezi kutazamana. Kila mmoja anatazama alama iliyopimwa, na macho yakikosea kidogo tu udanganyifu unafichuka. Inahitaji mwanga mwingi na tundu la lenzi lililopunguzwa, ili wa karibu na wa mbali wote waonekane kwa uwazi. Kamera nayo haisogezwi ovyo upande, maana kingo zitaachana.

Pale Buddy, yaani Ferrell, anapojaribu vile visanduku ambavyo kikaragosi huchomoka ghafla, mwongozaji Jon Favreau alikuwa na rimoti mkononi na aliamua mwenyewe lini kichomoke. Mshtuko wa Ferrell ni wa kweli.

PembeYaPili

Nyongeza kwenye hila za zamani: ulimi ulioganda kwenye mlingoti katika A Christmas Story ya 1983. Mlingoti ule ni wa plastiki, una kitundu kidogo, na ndani kuna mpira unaonyonya hewa. Kwa hiyo ulimi unavutwa kikweli, na mvulana anaweza kuhangaika bila kuigiza sana.

Leso_Mbili

Mnasifu mitambo, ila tukio lililonishinda mimi halina mtambo wowote. Love Actually, 2003. Emma Thompson ameshauona mkufu mfukoni mwa koti la mumewe, akadhani ni wake. Anafungua zawadi, anakuta CD ya Joni Mitchell. Anaomba udhuru, anakwenda chumbani, muziki unaendelea. Hakuna mayowe. Anafuta machozi, ananyoosha shuka la kitanda ambalo hata halijakunjamana sana, kisha anarudi kwa watoto na uso wa furaha. Kile kitendo cha kunyoosha shuka ndicho kinachoua. Mkono unatafuta kazi ili moyo usimwagike.

Na jamani, mkufu huo ndio uleule wa tukio la dukani ambapo Rowan Atkinson anaufunga taratibu mno, maua makavu, utepe, mdalasini, huku mume akitoka jasho. Tulicheka sana pale. Kitu kimoja, kicheko kwanza, kilio baadaye. Filamu yenyewe ina mapengo mengi, sitaitetea yote, ila hapo walikuwa makini.

Miracle on 34th Street ya 1947 nayo: Kris, mzee anayesema ndiye Santa, anaongea Kiholanzi na mtoto yatima, na hakuna tafsiri chini ya skrini. Hatuelewi maneno, tunasoma nyuso tu, hasa ya Susan, mtoto asiyeamini Santa, anayeangalia pembeni na kuanza kutilia shaka kutoamini kwake. Toleo la 1994 lilibadilisha kuwa lugha ya alama na mtoto kiziwi, na bado likafanya kazi.

MezaYaUhariri

Nawashukuru. Sasa swali la vitendo: kama mtu anaonyesha vipande tu, watoto na wakubwa wamo, aanzie wapi na akate wapi?

PembeYaPili

Usikate kwenye chozi lenyewe. Rudi nyuma hadi kwenye utani wa mwisho kabla yake. Home Alone, anzia kwaya na uende hadi mapambo ya kioo. Muppet, anzia pale Gonzo anapoaga. Love Actually iache kwa wakubwa, ina mambo yasiyo ya watoto, na bila duka kipande cha chumbani hakielezeki.

Ongeza katuni ya A Charlie Brown Christmas ya 1965, ambayo ni fupi, kama dakika 25, unaweza kuionyesha nzima. Baadhi ya watoto waliotoa sauti walikuwa hawajajua kusoma, wakalishwa maneno vipande vipande, ndiyo maana wanaongea kwa mdundo ule wa kusitasita. Hakuna kicheko cha kubandika. Linus, rafiki wa Charlie Brown, anaomba taa, anakariri Luka sura ya 2, na anapofika pale malaika anaposema "msiogope" anaiachia blanketi yake, ile ambayo haimtoki mkononi. Hakuna anayelitaja hilo. Punguza mwanga wa chumba na hakikisha sauti iko juu kiasi, maana kimya cha pale kikimezwa na feni, mtazamaji wa nyuma hataelewa kwa nini wa mbele wamenyamaza.