Mpangaji ana mbwa, tumkubali?

*Kaka:* Jioni njema. Yule mama aliyeona nyumba ya chini kule Umoja amepiga simu. Kodi na dipoziti analeta kesho. Ila ana mbwa, na hawezi kumwacha. Tunasemaje? Nyumba imekaa miezi miwili bila mtu.

*Shangazi:* Mimi hapana. Ua pale ni mmoja, kamba za nguo ni za wote, na watoto wa nyumba namba mbili wanacheza hapo kutwa. Mmesahau mjukuu wangu alivyoumwa na mbwa?

*Dada:* Hatujasahau, Shangazi. Mimi ndiye nilimshika mguu chini ya mfereji, sabuni na maji dakika 15, ndipo tukakimbia hospitali. Lakini yule alikuwa mbwa wa kuzurura, hana mwenyewe, hatukujua kama amechanjwa. Hapo ndipo tulipokosa usingizi. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, mtu haponi.

*Kitinda:* Basi huyu aonyeshe kadi ya chanjo.

*Dada:* Na iwe ya mwaka huu. Inarudiwa kila mwaka. Bila kadi tusiendelee.

*Kaka:* Ameshanitumia picha ya kadi, ina muhuri wa daktari wa mifugo. Ni ya Februari.

*Mama:* Nimesoma yote. Paka wa yule mwalimu tulimkubali na panya wakaisha. Lakini hatukuandika kitu. Alipohama mlango ulikuwa umekwaruzwa hadi mbao, chumba kinanuka mkojo, na dipoziti nilimrudishia yote kwa sababu niliona haya kumdai.

*Kitinda:* Pole Mama. Safari hii iwe kwenye mkataba. Mbwa ni huyo mmoja tu, uani anatoka na kamba, kinyesi wanazoa wenyewe kila siku, na kikiharibika kitu kinakatwa kwenye dipoziti.

*Shangazi:* Na kubweka? Baba wa namba moja ni bawabu wa usiku, analala mchana.

*Dada:* Hilo ni kubwa kuliko mlango. Huyo mama anafanya kazi wapi?

*Kaka:* Anauza nguo Gikomba. Anatoka saa kumi na moja alfajiri.

*Dada:* Kwa hivyo mbwa anafungiwa peke yake hadi jioni? Atabweka, atakwaruza, na yeye mwenyewe atateseka. Mpigie umuulize.

*Kaka:* Ngoja.

*Kaka:* Anaishi na mama yake mzee, hatoki nyumbani. Mbwa hulala miguuni pake mchana wote.

*Shangazi:* Hapo sawa kidogo.

*Mama:* Kesho asilipe chochote. Kwanza namba moja na namba mbili waulizwe, wao ndio watakaolala karibu na huyo mbwa. Wakikubali, Jumamosi aje naye nimwone. Shangazi, twende wote.

*Shangazi:* Nitakuja. Lakini nitasimama langoni.