Je, mali yote ya mzazi aliyefariki ni lazima ipitie mahakamani?

Mleta mada:
Ndugu wachangiaji, baba yetu alifariki akatuachia shamba la ekari nne huko Murang'a, Kenya. Wiki mbili baada ya mazishi wazee wa ukoo waliketi nasi, mipaka ikapimwa, na kila mtoto akaonyeshwa kipande chake, wakiwemo dada zetu wawili walioolewa. Hapakuwa na aliyenung'unika. Sasa mmoja wetu anashikilia kwamba ni lazima tufungue mirathi kortini, na wengine wanajibu kwamba huko ni kualika ugomvi ambao haupo. Familia iliyokwisha kukubaliana inamhitaji hakimu kwa lipi?

Mchangiaji wa kwanza:
Haimhitaji. Kuna barua ya chifu, ada ya wakili, tangazo la siku 30 katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha miezi sita mingine baada ya barua za usimamizi, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, kutolewa ndipo zithibitishwe na mgawo ufanyike. Nimeona ndugu wakiingia katika safari hiyo wakiwa wanapatana na kutoka wakiwa hawaamkiani. Wazee wamekwisha sema, inatosha.

Mchangiaji wa pili:
Kwa heshima, hapo umechanganya kugawana na kuhamisha umiliki. Wazee wamegawa, tena kwa haki kuliko koo nyingi ninazozijua, lakini hati miliki ingali na jina la marehemu, na msajili wa ardhi hawezi kulibadilisha kwa kuonyeshwa kumbukumbu za kikao. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inataka aletewe barua za usimamizi wa mirathi zilizotolewa na mahakama. Mpaka hapo hakuna kati yenu anayeweza kuuza kipande chake kihalali wala kukiweka rehani. Isitoshe, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinamkataza mtu kuchukua, kuuza au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sijasikia aliyefungwa kwa kurithi kigoda cha baba yake, lakini ekari nne si kigoda.

Hofu kwamba hakimu atavuruga mgawo wenu nayo haina msingi mkubwa. Warithi wote wakitia sahihi za ridhaa, kwa kawaida mahakama huthibitisha yale yale mliyokubaliana. Inachochunguza ni kama yuko aliyeachwa nje, awe mjane, binti aliyeolewa au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Akiwapo mrithi ambaye bado ni mtoto, msimamizi mmoja hatoshi, bali watateuliwa angalau wawili.

Hata hivyo neno "mali yote" silikubali. Mafao ya pensheni hayahesabiwi kuwa sehemu ya mirathi, bali hulipwa na wadhamini kwa kufuata kanuni za mfuko. Ardhi ambayo mume na mke waliisajili kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika hubaki kwa aliye hai, na jina la marehemu hufutwa kwa kuthibitisha kifo chake tu.

Mchangiaji wa kwanza:
Na Waislamu? Na wafugaji wa Turkana na Samburu, ambao sheria hiyo hiyo inawaachia mila zao?

Mchangiaji wa pili:
Kwa Waislamu mafungu hufuata sheria ya Kiislamu, na Kadhi anaweza kusikiliza shauri. Kwa baadhi ya wilaya za wafugaji, mila ndiyo huamua nani apate mifugo au ardhi ya kilimo pale ambapo hakuna wosia. Lakini yote hayo yanahusu nani apate nini. Hati yenye jina la marehemu itahitaji msimamizi aliyeidhinishwa, awe wa Lodwar au wa Lamu.

Mleta mada:
Nashukuru. Baada ya kusoma haya nilikwenda kuangalia hati yenyewe, na jina lililomo si la baba bali la babu, aliyefariki sisi tukiwa wadogo. Baba alikuwa na ndugu watatu, na wawili kati yao wameacha watoto.

Mchangiaji wa pili:
Basi anzeni na mirathi ya babu. Sheria haikuweka ukomo wa miaka wa kuifungua. Watoto wa ami zenu hao wawili waorodheshwe kwa fungu la baba zao, na ami aliye hai, kama yupo, kwa lake. Kikao cha ukoo kiliwagawia ninyi peke yenu shamba ambalo kisheria bado halijawa la baba yenu, kwa hiyo waiteni binamu zenu kabla ya yeyote kuchimba msingi wa nyumba.