Utingo wangu anatamani maisha mengine, wasomaji wanaona analalamika tu

Kalamu_ya_Tororo:
Wakuu, naandika hadithi ya utingo wa lori la mizigo, Malaba hadi Kigali kupitia mpaka wa Katuna, kuanzia Juni 2019. Amechoka na barabara, anataka kukaa Kabale, mji wa Uganda ulio kabla ya mpaka huo, afungue kibanda cha kushona viatu. Kila sura anawaza hilo. Nikate wapi?

Mhariri_Masaka:
Usikate kwanza. Ndoto yake haina bei, ndiyo maana inasikika kama manung'uniko. Iwekee hesabu: cherehani ya viatu, kodi ya miezi mitatu, na posho anayoficha. Kisha barabara imle kidogo kidogo: nyama choma ya Lukaya, kitanda Lyantonde, dereva anayekopa halipi. Akiba ikipanda na kushuka mbele ya msomaji, "alitamani" zote utazifuta, labda ubakize moja.

Pia mpe kitu anachokipenda safarini. Anayechukia kila kitu angeshaacha kazi, hadithi ikaishia Busega, hapo Kampala tu. Mweke nyumbani siku mbili. Akisikia breki za lori, atoke nje kutazama.

Njia_Kuu:
Ramani yako ina kosa kubwa kuliko hilo. Rwanda iliufunga mpaka wa Katuna Februari 2019, ukafunguliwa tena 31 Januari 2022, ukiacha majaribio mafupi ya malori Juni 2019. Malori yalielekezwa mpaka wa Kagitumba, ambao upande wetu wa Uganda unaitwa Mirama Hills. Maana yake lori linakata kona Ntungamo, Kabale halifiki kabisa.

Mimi nisingebadilisha mwaka. Anza Januari, akiwa bado anapita Kabale na ameshalipa kishika nafasi cha kibanda. Februari njia inahama. Sasa kila safari, pale Ntungamo, dereva anapinda kushoto na mji anaoutaka unabaki mbele, umbali wa saa chache tu. Hapo huhitaji kueleza hisia zozote.

Kalamu_ya_Tororo:
Duh, sikuliwaza. Na akivuka Kagitumba, nini kinabadilika ambacho yeye angekiona?

Njia_Kuu:
Lori linahamia kulia mwa barabara, na saa ya Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Usimfanye ashangae, utingo mzoefu hashangai hayo. Dereva arudishe saa yake nyuma, utingo aiache ya kwake ilivyo.

Mhariri_Masaka:
Na mwenye kibanda asimsubiri. Kishika nafasi hakirudishwi.